Jina la nchi yetu ni Kongo, tafadhali litamkeni vizuri

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi huko. Mimi ni msomaji wa gazeti lenu la huko Tanzania, niko hapa Lubumbashi, Kongo, nawasoma kwa simu karibu kila asubuhi nikiwa kwenye basi, na zile video zenu fupi za kusoma habari naziangalia pia, kwa hiyo hii barua haitoki kwa mtu mwenye kinyongo na nyinyi, inatoka kwa mtu wa nyumbani. Juzi kwenye ukurasa wa michezo mlitoa historia ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mwandishi akasema Kongo imelichukua kombe hilo mara 3, yaani 1968, 1972 na 1974, halafu kwenye video ya habari hiyohiyo msomaji wenu akatuita mara Zaire, mara Di-Aa-Si (yaani DRC, kifupi cha Kiingereza), mara Kongo lakini ile Kongo ya kizungu ambayo o ya mwisho inageuka "ou". Yote hayo ndani ya dakika moja. Kwenye basi kuna waliocheka, mimi iliniuma, juu hiyo nchi inayozungushwa hivyo ndiyo nchi yangu na ina jina.

Tuanze na makombe juu hapo kosa linaonekana wazi. Mwaka 1968 kule Ethiopia waliowafunga Ghana 1-0 kwenye fainali walikuwa Kongo ya Kinshasa, ndio sisi. Mwaka 1972 kule Kameruni waliowafunga Mali 3-2 walikuwa Kongo ya Brazzaville, majirani zetu wa ng'ambo ya mto, nchi nyingine kabisa yenye rais wake na bendera yake. Mwaka 1974 kule Misri tukarudi sisi, safari hiyo tukiitwa Zaire, fainali na Zambia ikaisha 2-2 ikabidi irudiwe, tukashinda 2-0, na Ndaye Mulamba akamaliza mashindano na mabao 9. Basi sisi tuna makombe 2, Brazzaville wana 1. Mwandishi wenu alikuta Kongo, Kongo na Zaire kwenye orodha, akajua kwamba Zaire ni Kongo, akajumlisha zote, na wale wa Brazzaville wakanyang'anywa kombe lao la pekee bila kuulizwa.

Najua mtaniambia ni kosa la mpira tu, litasahihishwa kesho. Lakini mimi naona mzizi wake hauko kwenye mpira, uko kwenye jina. Mtu asiyejali jina la nchi linatamkwaje na lilitoka wapi, hawezi kujua anazungumzia nchi gani. Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike: kosa la kutamka likiachwa bila kusahihishwa linaweza kugeuka jina rasmi, likaandikwa kwenye katiba, kwenye noti na kwenye pasipoti. Sio maneno ya kutisha watu, sisi tulishaishi hivyo miaka zaidi ya 25 na jina lenyewe lilikuwa Zaire.

Sikilizeni hiyo habari. Mwaka 1482 baharia wa Kireno aliyeitwa Diogo Cão alifika pale mto mkubwa unapomwagika baharini, maji yake yanasukuma hadi mbali ndani ya bahari, akasimamisha nguzo ya mawe pale kwenye mdomo wa mto. Wenyeji wa pale wanasema Kikongo, na mto kwa Kikongo ni nzadi, wengine husimulia kwamba waliuita Nzadi au Nzere wakimaanisha mto unaomeza mito mingine. Sasa Mreno hawezi hiyo nz ya mwanzo. Sisi tunaiweza, tunasema nzige, nzuri, nzima bila hata kufikiri, lakini yeye akaitupa n, akabaki na z, na ile sehemu ya mwisho nayo ikalegea mdomoni mwake, ikatoka Zaire. Wareno wakaandika Zaire kwenye ramani zao, wengine wakanakili ramani, na baada ya miaka mia kadhaa ikawa kana kwamba mto uliitwa hivyo toka zamani.

Halafu tarehe 27 Oktoba 1971 rais Mobutu akatangaza kwamba nchi itaitwa Zaire. Hiyo ilikuwa siasa yake ya kurudi kwenye asili, otantisite kama ilivyoitwa huku, watu wakaacha majina ya ubatizo, tai zikapigwa marufuku, bwana na bibi wakageuka sitwayeni na sitwayene, yaani raia kwa Kifaransa. Mimi siwezi kuwacheka waliofurahi siku hiyo, walitaka kitu chao wenyewe baada ya kudharauliwa muda mrefu, na hamu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Lakini jina lililochaguliwa kuwa la asili lilikuwa limeshapita kwenye mdomo wa Mreno na kuvunjwa humo. Nchi, mto na pesa vyote vikabeba matamshi ya baharia aliyeshindwa kusema nz. Hakuna aliyesimama kusema jamani asili yake ni Nzadi, tuseme Nzadi. Na leo bado Zaire ipo, sio kwetu, ipo Angola, ni mkoa wa kaskazini magharibi mwa nchi hiyo unaopakana na mto, na mji mkuu wa mkoa huo ni Mbanza Kongo, nitaurudia huo mji sasa hivi juu ndiko jina letu lilikotoka.

Kongo lilikuwa ni jina la ufalme. Kabla Diogo Cão hajafika tayari kulikuwa na mfalme, na mikoa iliyomlipa kodi, na pesa ya makombe ya baharini waliyoiita nzimbu, na mji mkuu juu ya mlima, Mbanza Kongo, ambao Wareno baadaye waliuita São Salvador na ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Mfalme wake aliitwa Mwene Kongo. Msomaji wa Kiswahili hapo hahitaji mkalimani, mwene ni ndugu wa mwenye na mwinyi. Wareno wakaandika Manikongo, na vitabu vingi mpaka leo vinasema Manikongo kana kwamba ndiyo jina lake mtu, kosa lilelile la mdomo uliokataa kujifunza. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, mtoto wake Mvemba a Nzinga ndiye yule Afonso aliyeandika barua mwaka 1526 kwa mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawabeba watu wake utumwani, hata watoto wa wakubwa. Hao ndio watu waliobeba jina Kongo kabla yetu. Neno lenyewe asili yake lina maana gani, wataalamu wanabishana mpaka leo, lakini lilikuwa jina la watu na ardhi yao, hakuna Mzungu aliyelitunga.

Sasa mtauliza, na mna haki ya kuuliza, ufalme ule ulikuwa pwani ya magharibi, Lubumbashi iko huku kusini mashariki karibu na Zambia, jina lilifikaje huku? Huku kwetu palikuwa na wafalme wa Waluba na wa Walunda, na baadaye Msiri kule Bunkeya, hakuna aliyejiita Mkongo. Jina lilipanda na mto. Wazungu waliuita mto kwa jina la ufalme uliokuwa mdomoni mwake, Mto Kongo, halafu Stanley, msafiri wa kizungu, akaufuata kutoka juu kwenda chini. Alitoka pwani ya kwenu huko, akaja mpaka Nyangwe, sehemu ya safari akasindikizwa na Tippu Tip na watu wake, yaani Kiswahili kilikuwemo ndani ya ule msafara, akashuka mpaka Boma mwezi wa 8 mwaka 1877. Ule mto aliouanza ulikuwa Lualaba, mto wa huku Katanga, na Livingstone kabla yake alikuwa ameufikiria labda ndio Nile. Stanley mwenyewe alitaka mto wote uitwe Livingstone, bahati nzuri halikushika. Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji akaanzisha jumuiya yake akaipa jina la mto, mwaka 1885 ikawa dola yake binafsi, État Indépendant du Congo, na mwisho wa 1891 msafara wake ukafika Bunkeya, Msiri akapigwa risasi akafa, na Katanga ikaingizwa humo. Ndivyo tulivyopata jina, kwa nguvu. Mimi silifichi hilo. Lakini baada ya hapo watu wetu waliteswa chini ya jina hilo, wakadai uhuru kwa jina hilo, wakaupata tarehe 30 Juni 1960 kwa jina hilo, basi limekuwa letu kwa kulilipia.

Mwaka huohuo 1960, tarehe 15 Agosti, ng'ambo ya mto nao wakapata uhuru kutoka kwa Wafaransa na wao wakachukua jina République du Congo, sawasawa na letu, herufi kwa herufi. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa na ndipo watu wakaanza kutaja na mji mkuu, Kongo-Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Kongo-Brazzaville. Sisi mwaka 1964 katiba mpya ikaongeza "Démocratique", 1971 ikaja Zaire, na tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila akajitangaza rais akiwa hapahapa Lubumbashi na nchi ikarudishiwa jina Kongo. Sasa ni miaka mingi tangu siku hiyo, watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao, na bado nasikia Zaire kwenye redio za majirani.

Kama mnataka kuona jina la nchi linafanya nini kwa mtu wa kawaida, njooni kwa baba mkubwa wangu, mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi. Ana faili lake la karatasi, kadi ngumu ya rangi ya udongo imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na analiweka chini ya godoro upande wa ukutani. Karatasi ya kuzaliwa inasema Congo Belge, Élisabethville, ndilo jina la zamani la Lubumbashi. Ya ndoa, mwaka 1969, inasema République Démocratique du Congo, Lubumbashi. Kitabu cha kazi kinasema République du Zaïre, Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati wa Zaire), na jina lake la ubatizo halimo tena, pamewekwa jina la babu. Kadi ya kupiga kura ya kwanza inasema RDC, Katanga. Ya mwisho inasema Haut-Katanga, juu mwaka 2015 Katanga nayo ilikatwa vipande 4. Mzee huyu hajawahi kuhama mtaa. Siku moja alikuwa anatafuta karatasi moja kwa ajili ya pensheni yake, kijana wa ofisini akamwambia hizi karatasi ni za nchi tofauti, mzee akamjibu kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mwanangu, miye niko pa nyumba moya tu tangu banizale, ni beye njo banabadilishaka inchi." Yaani yeye yuko nyumba moja tu tangu azaliwe, wao ndio wanaobadilisha nchi. Walimzungusha sana na hizo karatasi. Kwa hiyo mtu akinieleza kwamba jina ni jina tu, mimi namkumbuka mzee na faili lake.

Au mfikirie mpwa wangu aliyeagiza mashine ya kushonea kupitia mtandao. Pale pa kuchagua nchi palikuwa na Congo na chini yake Congo tena yenye mabano, yule muuzaji upande wa pili akachagua ya kwanza, mashine ikaenda Brazzaville. Brazzaville na Kinshasa zinatazamana kabisa, mto tu katikati, lakini kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 na ni vita nyingine. Namba ya simu ya kwetu inaanza na 243, ya kwao 242, anwani za intaneti za kwetu zinaishia na cd, za kwao cg. Tofauti ni ndogo hivyo. Mashine ikarudishwa ilikotoka na yeye akapoteza nusu ya falanga zake kwa usafirishaji.

Sasa matamshi yenyewe, juu hapo ndipo nataka msomaji wenu wa video anisikie vizuri. Mswahili hana sababu hata moja ya kushindwa na jina hili. Ukiweza kusema mgongo unaweza kusema Kongo, ile ng ni ileile, mkazo uko palepale kwenye silabi ya kabla ya mwisho, na o ya mwisho inabaki o, midomo haifungwi iwe u. Bakongo wenyewe ile o ya kwanza wanaivuta kidogo, na sisi kwa vile mkazo wetu unaangukia hapohapo tunajikuta karibu nao bila kujitahidi. Mfaransa anaipitisha n yote puani mpaka haisikiki, Mwingereza anaikunja o ya mwisho, hao ndivyo midomo yao ilivyoumbwa na mimi sigombani nao. Ninaogombana nao ni sisi. Hapa Lubumbashi kuna watangazaji wanasoma habari kwa Kiswahili safi kabisa na wakifika kwenye jina la nchi yao wenyewe wanaingiza pua ya Kifaransa, au wanasema Er-De-Se. Na huko kwenu ni hivyohivyo na Kiingereza chenu, Di-Aa-Si, Di-Aa Kongo. Yaani nchi ya Kiafrika yenye jina la Kiafrika, inasomwa na Mwafrika kwa lugha ya Kiafrika, na jina peke yake ndilo linavishwa nguo za kuazima. Semeni Kongo-Kinshasa, wazee wetu walisema hivyo na kila mtu akaelewa. Mkitaka rasmi semeni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mara ya kwanza, baada ya hapo Kongo inatosha kama hamjataja Brazzaville kwenye habari hiyo.

Na watu wake tafadhali muwaite Wakongomani. Najua kwenye magazeti mengi wanaandika Mkongo na Wakongo na kwenu inaeleweka, lakini huku kwetu Mukongo, wengi Bakongo, ni mtu wa kabila la Kikongo, mtu wa kule chini kwa mto, Matadi, Boma, Mbanza-Ngungu. Na Bakongo hawako kwetu tu, wako Angola kaskazini, wako Kongo-Brazzaville pia, wapo wengi ambao si Wakongomani hata kidogo. Mimi ni Mkongomani na ni Muluba, ukiniita Mkongo mbele ya jirani yangu Mukongo wa kweli unatuchanganya wote wawili, yeye umemnyang'anya kabila na mimi umenipa ambalo si langu. Mara ngapi nimeona wachezaji wa TP Mazembe wanaandikwa "Wakongo" wakati kwenye timu ile kuna Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, na wamepita wengine kutoka Zambia na Afrika magharibi!

Neno Zaire sisemi lifutwe, historia haifutwi. Ukiandika juu ya mashindano ya dunia ya 1974 Ujerumani andika Zaire, ndivyo ilivyokuwa kwenye jezi. Ukiandika juu ya pigano la Ali na Foreman pale Kinshasa mwaka huohuo andika Zaire. Kuanzia 27 Oktoba 1971 mpaka 17 Mei 1997 ni Zaire, kabla na baada ni Kongo, sio jambo gumu, mhariri wa zamu anaweza kubandika hizo tarehe 2 ukutani. Kinachoniumiza ni "Zaire" ya leo, ya msanii wa leo, ya ajali ya wiki hii. Kuna vijana wetu wakivuka mpaka wanaulizwa "nyinyi wa Zaire mnataka nini", na anayeuliza hakuzaliwa wakati Zaire inakufa, amelirithi tu kwa kusikia, na gazeti likilirudia anaona yuko sahihi.

Haya mambo hayako kwetu peke yetu, na nchi nyingine zimesimama imara zaidi yetu. Wakenya nchi yao Waingereza waliitamka "Kiinya" miaka yote ya ukoloni, walipopata uhuru wakarudi kwenye Kenya na dunia ikafuata, leo ni wachache sana wanaosema Kiinya hadharani. (Sisi hapa Lubumbashi tuna komini, yaani sehemu ya jiji, inaitwa Kenya, yenye soko kubwa, makonda wa mabasi wanapiga kelele Kenya Kenya Katuba toka alfajiri, na dereva wa lori kutoka Mombasa aliyefika mara ya kwanza hupata mshtuko.) Cabo Verde mwaka 2013 waliomba wasitafsiriwe tena, Eswatini mwaka 2018 wakaacha lile jina nusu la Kiingereza, na wote wamesikilizwa. Hawakuwa na jeshi la kulazimisha mtu. Waliomba, magazeti yakaandika, watangazaji wakatamka, mambo yakaisha.

Nisiwe wa kudai upande mmoja tu. Sisi huku nasi tunayavunja majina yenu. Redio zetu nyingi zinasema "Tanzani" kwa Kifaransa, hata ndani ya habari ya Kiswahili, wakati jina lina silabi 4, Ta-nza-ni-a, na mkazo uko kwenye ni. Na wazee wengine huku bado wanawaita watu wa Tanganyika, wakati Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 na jina Tanzania likapitishwa Oktoba mwaka uleule, silabi za mwanzo za nchi zote 2 ziko ndani yake, ukilikata mwisho au ukirudisha jina la zamani umewatupa Wazanzibari nje. Na siku hizi ni hatari zaidi juu tangu 2015 sisi tuna mkoa wetu unaitwa Tanganyika, makao yake Kalemie, mtu akisema redioni "kipindupindu kimeingia Tanganyika" hujui ni upande gani wa ziwa. Zambia vilevile, wamechukua jina kutoka Zambezi mwaka 1964 wakaacha lile la Rhodesia ya Kaskazini, na huku bado kuna watu wanasema "Zambi" kama Wafaransa, wakati mpaka wao wa Kasumbalesa uko karibu tu na kila siku tunakula unga unaotoka kwao.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, Ndugu Mhariri. Wapeni wasomaji wenu wa video karatasi moja yenye majina ya nchi za jirani jinsi wenyewe wanavyoyasema, na kama hamna uhakika wa jina, mna waandishi Goma, mna wasomaji Bukavu, Kalemie, Kolwezi, mtu atawatumia sauti kwenye WhatsApp ndani ya dakika 5 bila kudai hata senti. Na mkisikia redio ya kwetu inasema "Tanzani" msinyamaze, iandikieni, na mimi nitaiandikia kutoka huku.

Asanteni,

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi